Mkutano mkuu utafanyika wapi? Kutafuta nafasi na kuiomba mapema



Tumezoea kuongea nanyi juu ya mbegu, palizi na namna ya kukausha mpunga. Leo tunaongea juu ya jambo ambalo komite nyingi zinaliacha mpaka siku ya mwisho: nafasi ya kufanyia mkutano. Mara mingi tunafika kwenye mkutano uliotangazwa vizuri, tunakuta watu wamesimama nje juani. Direktere wa masomo amesafiri na ufunguo. Ao chumba kiko wazi lakini kuna kwaya ndani. Ao mvua imeanza na nafasi iliyochaguliwa ni chini ya muembe. Wale waliotoka mbali kwa miguu wanarudi nyumbani, wanabaki wale wa karibu, na wale wa karibu ndio wanakata mambo. Kisha miezi inapita na watu wanaanza kusema: koperative ni ya watu wa senta.

Ndiyo sababu tunaweka nafasi ndani ya masomo yetu. Mahali pa mkutano panachagua nani atafika, na kati ya waliofika, nani atathubutu kufungua kinywa.

Kalenda ya shamba kwanza

Kabla ya kutafuta chumba, angalieni shamba. Tuchukue mpunga wa mlimani, kwa sababu ndio unaowabana wengi kati yenu. Mbegu nyingi tunazopanda hapa zinamaliza siku karibu 120 shambani. Kutoka wakati punje zinapoanza kuwa na maziwa mpaka siku ya kukata, ni kama mwezi mzima wa kufukuza ndege, kutoka asubuhi mapema mpaka jioni. Ni nani anayekaa shambani kufukuza ndege? Ni wa mama, vijana na watoto. Mkiita mkutano mkuu mwezi huo, mmewafungia mlango bila kujua.

Hesabuni wenyewe. Aliyepanda katikati ya Septemba, ndege watamsumbua kuanzia katikati ya Desemba mpaka katikati ya Januari. Aliyepanda mwanzoni mwa Machi, watamsumbua mwezi wa Juni. Januari na Februari watu wanavuna, wanapura, kisha wanatayarisha shamba la msimu wa pili. Inabaki nafasi moja nzuri: mwezi wa Aprili, palizi ya kwanza ikiisha, ndege wakiwa hawajaanza.

Aprili iko na faida nyingine mbili. Kama mwaka wenu wa hesabu unafungwa tarehe 31 Desemba, kesie amepata wakati wa kumaliza hesabu, na ninyi mko bado ndani ya miezi sita ambayo sheria inawapa kwa mkutano mkuu wa kila mwaka. Tena likizo ya Pasaka mara nyingi inaangukia mwezi huo, na vilasi vinakuwa vitupu. Ubaya wake ni mvua. Aprili kwetu mvua ni kubwa, kwa hiyo nafasi bila paa haifai.

Angalieni pia siku ya posho, maana kuna masomo yanayofundisha mpaka saa sita ya siku hiyo na mengine hapana. Ijumaa ndugu waislamu wanaenda kusali saa za mchana, na hapa kwetu waislamu ni wengi tangu wakati wa zamani. Siku ya Mungu ni ya kanisa. Siku ya soko kila mama anajua atakuwa wapi. Ramadhani inarudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe iliyofaa miaka mitatu iliyopita inaweza kuangukia ndani ya mfungo mwaka huu. Mkutano wa saa tano bila maji kwa watu waliofunga hautaenda mbali.

Baada ya hesabu hiyo chagueni tarehe mbili, si moja. Msizitangaze bado. Mnatangaza mkiwa na jibu la mwenye nafasi mkononi.

Nafasi ya bure iko na mwenyewe

Tulifuata koperative moja ya mpunga, jina lake tunaliacha. Wamemba walikuwa karibu 80. Komite ilianza kutafuta nafasi wiki ya mwisho. Masomo yalikuwa na watoto, kwenye paruwasi kulikuwa na semina. Mfanyabiashara mmoja akawaambia: “Mukuje kwangu, depo iko wazi, viti viko, sitawaomba kitu.” Watu walifurahi. Franka za koperative zimebaki ndani ya kesi.

Jambo la tatu la kuzungumza lilikuwa bei ya mpunga. Na yule mwenye depo alikuwa mmoja wa wanunuzi.

Siku ile alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Hatumlaumu, ni nyumba yake, na hakusema neno hata moja. Lakini walipofika kwenye bei, mzee mmoja aliyekuwa na deni la chumvi na sabuni kwake aliangalia chini. Wa mama wawili waliokuwa wametayarisha hesabu ya kupeleka mpunga mpaka Kasongo wenyewe, na kopi yao mkononi, hawakuomba neno. Bei ilipita haraka. Jioni, njiani, ndipo maneno yote yakatoka.

Tupige hesabu kwa mfano tu. Tuseme koperative inauza magunia 50 ya kilo 80, ni kilo 4 000. Kama uoga wa siku moja umewapunguzia franka 100 kwa kilo, wamepoteza franka 400 000. Chini tutaona nafasi ya kukodi ingeweza kuwagharimu ngapi.

Hatusemi mfanyabiashara ni adui. Bila wanunuzi mpunga utabaki na panya. Siku nyingine, kwa mkutano wa kupanga njia ya kusafirisha, depo yake inaweza kufaa sana, na yeye mwenyewe anaweza kuitwa. Siku ya kukata bei, hapana.

Swali ni lilelile kwa nyumba ya prezida wa koperative. Siku ya kuangalia hesabu ao kuchagua komite mpya, mkikaa katika lupango yake, mkinywa maji ya mke wake na kula mihogo yake, nani atasimama kuuliza: “Baba prezida, zile feza za mbegu zilienda wapi?” Kwetu mgeni anaheshimu nyumba aliyoingia. Ni desturi nzuri, na ndiyo hasa inayofanya nyumba ya mtu isifae kwa hesabu za mtu huyo. Kwa komite ya watu saba wanaopanga kazi ya wiki, nyumba ya prezida inatosha kabisa, hakuna haja ya kukodi.

Nafasi tulizo nazo

Masomo. Kilasi ndiyo nafasi inayopatikana karibu kila kijiji kikubwa. Kuko na ubao wa kuandika hesabu ili kila mmoja azione, kuko na pupitri, mara nyingi kuko na choo. Jueni lakini kwamba masomo mengi ni ya konvansione: serikali na makanisa walipatana mwaka 1977, na masomo hayo yanasimamiwa na wakatoliki, waprotestanti, wakimbanguisti ao waislamu. Kwa hiyo direktere anaweza kukubali, kisha paruwasi ikasema haikujulishwa. Muulizeni direktere tangu siku ya kwanza: “Kuna mwingine ambaye anapaswa kujua?” Tangu masomo ya msingi ya serikali yalipofanywa ya bure mwaka 2019, watoto wameongezeka, na pengine vilasi vinatumika asubuhi na mchana. Msiseme “mchana kuko wazi” bila kuuliza. Mwisho wa mwaka wa masomo kuko egzame za taifa. Wakati wa uchaguzi, kama ule wa 20 Desemba 2023, masomo mengi yanakuwa vituo vya kupigia kura.

Chumba cha paruwasi ao cha kanisa. Mara nyingi ni kikubwa kuliko kilasi na kina mabenchi. Ulizeni masharti yao: wengine hawakubali pombe, wengine hawakubali mkutano wenye mtu wa siasa. Ulizeni pia kama wamemba wa dini nyingine wataingia kwa moyo mweupe. Vilevile kwa lupango ya msikiti. Mahali pengi watu wanakaa pamoja bila shida, lakini ni kwenu ninyi kujua hali ya kijiji chenu. Kama kuna wamemba kumi ambao hawataingia, nafasi hiyo ni ndogo hata ikiwa na mabenchi mia.

Barza ya shefu ao ofisi ya sekta. Nafasi hiyo iko na heshima, na habari inafika kwa serikali bila barua ndefu. Kwa siku ya kufungua koperative, ao kwa ugomvi wa mashamba ambapo shefu lazima awepo, ni nafasi ya kwanza. Kwa uchaguzi wa komite tunasita. Tena kwenye barza nyingi wazee wanaume wanakaa katikati na wa mama wanabaki pembeni juani, na sauti ya pembeni haifiki. Kama hakuna nafasi nyingine, ongeeni na shefu mapema juu ya viti: duara moja, wa mama ndani ya duara. Mashefu tulioongea nao hivyo walikubali bila shida.

Chini ya muembe. Wakati wa kiangazi, kutoka Juni mpaka Agosti, hakuna nafasi nzuri kuliko kivuli cha muembe mkubwa. Ni ya wote, kuko hewa, na hata asiye memba anaweza kusikia, jambo ambalo si baya siku ya kueleza koperative ni nini. Siku ya kupiga kura ya siri ao ya kusoma madeni ya watu, masikio ya njiani ni mengi mno.

Depo ya koperative yenyewe. Wengi wanaisahau. Mkisha kuuza, depo ni chumba kitupu chenye paa, tena ni chenu. Mjini Rochdale, Uingereza, wale wafumaji ambao watu wanawahesabu kama wazee wa koperative za leo, walifungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844 katika chumba cha chini cha depo ya zamani, kwenye njia ya Toad Lane, kwa kodi ya pauni 10 kwa mwaka. Wao pia walianza katika nyumba ya kukodi. Kama depo yenu iko bado inajengwa, mwambieni fundi aongeze madirisha mawili makubwa yenye wavu. Wavu unazuia panya na ndege, madirisha yanaleta mwanga wa kusoma hesabu.

Nendeni mkapime

Msichukue nafasi kwa kusikia tu. Watu wawili waende, mmoja awe mama, na waende saa ileile ambayo mkutano utafanyika. Chumba kilicho baridi saa mbili asubuhi kinaweza kuwa kama tanuru saa nane.

Pimeni kwa hatua. Hatua moja ndefu ya mtu mkubwa ni karibu metre moja. Chumba cha hatua 8 kwa 7 ni metre 56 za mraba. Mkiacha mbele nafasi ya meza na njia katikati, watu 50 watakaa vizuri, 60 wakibanana. Kwa wamemba 80 haitoshi, hata kama direktere anasema “huwa wanaingia mia”. Ni watoto wale. Pupitri ya watoto watatu inakaa wakubwa wawili, na baba mwenye magoti marefu atakaa upande. Vilasi vingine vimetenganishwa na ukuta mwepesi wa kutoa, ulizeni.

Mtu mmoja asimame nyuma kabisa, mwingine aseme mbele kwa sauti ya kawaida. Anasikia? Kisha angalieni juu. Mabati bila plafo, mvua ikianza kupiga, hakuna atakayesikia kitu, na mkutano utasimama mpaka mvua iishe. Kwetu mvua kubwa inapenda kuanguka mchana na jioni, kwa hiyo wakati wa mvua anzeni asubuhi na wekeni mambo mazito mbele: hesabu, bei, uchaguzi. Salamu ndefu za wageni zitangoja. (Na sisi wa mashirika tumo katika hao wageni. Tupeni dakika tano, zinatutosha.)

Choo kiko? Kinafungwa na nani? Maji yako umbali gani? Mama mwenye mtoto wa maziwa atakaa wapi bila kutoka nje kila wakati? Na njia: memba wa mbali kabisa atatembea saa ngapi? Kama kuna mto wa kuvuka, nani yuko na mtumbwi siku hiyo, na saa ngapi anarudi? Koperative yenye wamemba wa vijiji vinne inaweza kuzungusha mkutano, mwaka huu hapa, mwaka ujao kule. Tumeona vijiji ambavyo vilikuwa vimeacha kulipa mchango vikirudi baada ya mkutano kufanyika kwao mara moja tu.

Kuomba

Nendeni kwanza kwa mdomo, kisha kwa barua. Barua bila salamu inaonekana kama amri, na salamu bila barua inasahauliwa. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

– Hodi, baba direktere.

– Karibu mama prezida. Habari ya mashamba?

– Tunashukuru Mungu, palizi inaelekea mwisho. Baba, tumekuja na ombi. Tuko natafuta vilasi viwili vya kufanyia mkutano mkuu, siku moja ndani ya likizo ya Pasaka.

– Muko wangapi?

– Wamemba ni 80. Tutaingia saa mbili, tutatoka saa saba.

– Vilasi viko. Lakini mara ya mwisho watu walivunja pupitri mbili wakaenda.

– Ni kweli, tulisikia ile habari. Sisi tutahesabu pupitri pamoja nanyi mbele ya kuingia na kisha kutoka. Kikivunjika kitu, koperative itatengeneza. Tutaandika ndani ya barua. Na ufunguo, baba? Kama mumesafiri, tutaukuta kwa nani?

– Kwa sentineli. Nitamwambia.

– Tunaomba jina lake tuliandike. Na juu ya feza, munatuomba ngapi?

Angalieni mama prezida alivyofanya. Aliacha mwenzake aseme lawama yake, hakubishana, akaleta dawa. Aliuliza juu ya ufunguo, maana huko ndiko mikutano mingi inakufa. Na aliuliza bei mwenyewe, hakungoja aletewe siku ya mkutano watu wakiwa wamesimama mlangoni. Barua iliyofuata iwe fupi:

*Kwa Bwana Direktere wa Masomo ya Msingi ya ……*
*Jambo: kuomba vilasi viwili.*
*Bwana Direktere, kufuatana na mazungumzo yetu ya tarehe ……, koperative yetu …… inaomba kutumia vilasi viwili siku ya ……, tarehe ……, kutoka saa 2 mpaka saa 7, kwa mkutano mkuu wa wamemba 80. Kama wamemba hawatatimia, tunaomba pia tarehe ya pili: ……. Tumepatana franka ……, tutakazolipa kwa resi. Ufunguo utakuwa kwa …… tangu jioni ya tarehe ……. Tutahesabu vyombo pamoja kabla na baada, tutafagia, na tutatengeneza kitakachovunjika kwa mkono wetu. Tunaomba jibu lenu kwa maandiko mbele ya tarehe …….*
*Prezida na sekretere: sini na kashe.*

Pelekeni barua mbili. Moja inabaki kwake, ya pili anaweka sini na tarehe ya kupokea, mnairudisha ndani ya klaseri ya koperative. Direktere akibadilishwa kesho, karatasi iko. Ile tarehe ya pili isiwaogopeshe: kama statuti zenu zinaomba idadi fulani ya wamemba na siku ya kwanza haikutimia, mtaita tena, na hamtaanza kutafuta nafasi upya.

Upande wa sheria

Sheria ya OHADA juu ya koperative ilipitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, na kwetu Kongo ilianza kutumika tarehe 12 Septemba 2012. Kabla yake tulikuwa na dekre ya 24 Machi 1956. Kwa habari yetu ya leo mambo machache yanatosha. Mwito wa mkutano unawafikia wamemba siku 15 kabla, si chini. Mwito huo unasema siku, saa, mahali na mambo ya kuzungumza. Kila memba ni sauti moja, awe na sehemu moja ao ishirini. Na PV ya mkutano inaandika tarehe na mahali ulipofanyika.

Mnaona kwa nini tulisema msitangaze kabla ya kupata jibu. Mkiandika “masomo ya msingi” ndani ya mwito, kisha mkahamia kwa mtu asubuhi ileile, memba aliyekwenda masomoni akakuta mlango umefungwa ana haki ya kulalamika, na kila mlichokata siku hiyo kinaweza kubishiwa. Kama kuhama ni lazima, mtu mmoja abaki kwenye nafasi ya kwanza mpaka mwisho, na karatasi ibandikwe mlangoni. Sababu ya kuhama iandikwe ndani ya PV.

Kwa hesabu hiyo, anzeni kutafuta nafasi wiki sita kabla. Wiki mbili za kupima na kuomba, wiki moja ya kungoja jibu, wiki tatu za kufikisha mwito mpaka kijiji cha mwisho kwa kinga na kwa miguu.

Juu ya serikali: Katiba ya 2006, artikle ya 25, inawapa watu haki ya kukutana kwa amani bila silaha. Artikle ya 26 inasema kwamba maonyesho njiani ao mahali pa wazi, wenye kuyatayarisha wanajulisha serikali kwa maandiko. Mkutano wa koperative ndani ya chumba si maonyesho. Lakini watu 80 wakikusanyika, hasa sehemu ambazo zimeona vita, hata askari anayepita atauliza. Barua fupi ya kujulisha kwa shefu wa grupema na kwa ofisi ya sekta inafaa, na kopi yake ikae mfukoni mwa sekretere. Neno ni “tunawajulisha”. Mtu akiwaomba feza kwa kupokea barua hiyo, ulizeni kwa heshima resi na jina la taksi yenyewe.

Feza

Tupange hesabu ya mkutano wetu wa mfano. Namba hizi ni za kufundishia, bei ya kwenu mtaiweka wenyewe. Vilasi viwili, franka 20 000. Kukodi viti 40 vya kuongeza, kila kimoja franka 500, ni 20 000. Sentineli 5 000. Maji ya kunywa 3 000. Sabuni na fagio 2 000. Jumla franka 50 000, na kwa wamemba 80 ni franka 625 kwa kila mmoja. Wekeni hiyo karibu na zile 400 000 za juu, mwone.

Chakula tumekiacha nje kwa kusudi. Koperative nyingi zinaogopa kukodi nafasi kwa sababu ya chakula, si kwa sababu ya nafasi. Mkianza saa mbili na kumaliza saa saba, karanga na ndizi ambazo kila kikundi kinaleta zinatosha.

Feza hiyo itoke ndani ya bajeti ya mwaka, ikikatwa katika mkutano uliotangulia, isiwe ya kuchanga mlangoni. Tuliona mama mmoja akigeuka mlangoni kwa kukosa franka 500, na alikuwa amelipa mchango wake wote wa mwaka. Kama direktere anapendelea kulipwa kwa kazi ao kwa kitu, kwa mfano kutengeneza pupitri tatu ao gunia moja la mpunga, mnaweza kukubali, lakini kesie aandike thamani yake ndani ya kitabu na resi ipatikane vilevile.

Siku yenyewe na kesho yake

Jioni ya mbele, mtu mmoja aende kuona ufunguo kwa macho yake. Si kuambiwa uko, kuuona. Asubuhi watu wanne wafike saa kumi na mbili na nusu: wahesabu pupitri na sentineli, wapange duara, waandike mambo ya kuzungumza kwenye ubao. Ao waulize kwanza kama yaliyoandikwa ubaoni yanaweza kufutwa. Mwalimu anaweza kuwa ameacha somo lake pale kwa ajili ya siku ya kurudi.

Kabla ya kufunga mkutano, wamemba wote wakiwa bado ndani, chagueni tarehe na nafasi ya mkutano unaofuata. Wale wa Rochdale waliandika ndani ya kanuni zao kwamba mkutano mkuu ni kila miezi mitatu, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na kila mtu alijua bila kuitwa mara mbili. Kwenu inaweza kuwa mara mbili kwa mwaka: Aprili ndani ya kilasi, na Agosti chini ya muembe kwa kugawa mbegu na kupanga msimu wa Septemba.

Kisha fagieni, hesabuni tena pupitri, rudisheni ufunguo kwa mkono na si kwa mtoto. Yule mwenye nafasi apate jibu la shukrani wiki hiyo, mistari mitatu, pamoja na ombi la tarehe ya mwaka ujao. Mkikuta koperative nyingine imemtangulia kwa tarehe hiyo, ongeeni nayo: mkutano mmoja unaweza kuwa asubuhi na mwingine kesho yake, na viti vya kukodi vikaletwa mara moja tu.